Filamu Iliyotazamiwa Jua

Githae alikuwa ametafuta vitu vingi tangu astaafu kazi ya polisi. Alitafuta lori lililoibwa Ruiru likapakwa rangi nyingine, mashahidi waliohamia kwa mashemeji bila kuaga, na wakati mmoja ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akikamuliwa Juja chini ya jina jipya. Picha ya mapafu hakuwahi kuitafuta. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi, alipokalishwa katika chumba chenye giza kwenye kliniki moja ya Thika na kuonyeshwa kifua cha mtu kwenye kompyuta, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha puani na kuomba aelezwe kuanzia mwanzo.

Aliyemwita alikuwa Daktari Leena, msomaji wa picha za hospitali, mtoto wa ukoo uliouza misumari na mabati mjini humo tangu enzi za babu yake. Leena alizungumza polepole na hakupenda kurudia. Kifua kile, alisema, kilikuwa cha Mwalimu Waithira wa Ngoingwa. Mwezi uliopita Mwalimu alikutwa na uvimbe mdogo kwenye titi, na uvimbe ule ulikuwa saratani, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ulikuwa umewahiwa, wa kukatwa na kutibiwa mtu akapona. Kabla ya upasuaji wakampiga skani ya kifua, na kwenye mapafu wakakuta vinundu tisa.

Githae aliviona baada ya kuonyeshwa. Vilikuwa alama nyeupe za mviringo, vikubwa vyake kama punje ya mahindi, vimetawanyika pande zote mbili, vingi vikiwa sehemu ya chini.

"Mtu ana saratani, halafu ana vinundu vingi kwenye mapafu," Leena alisema. "Kila daktari anayeangalia hii anawaza kitu kimoja. Imesambaa. Na kama imesambaa, hakuna upasuaji wa kumponya. Ni dawa za kumsogezea siku tu."

"Na wewe unawaza nini, daktari?"

"Mimi nina shaka. Shaka siwezi kuipeleka mbele ya jopo."

Akamwonyesha sababu ya shaka. Ndani ya baadhi ya vinundu mlikuwa na chokaa, kama kidonda kilichopona zamani. Vingine havikuwa nayo. Saratani kwa kawaida haiachi chokaa ya namna ile, ila kwa kawaida si kila mara. Kuvichoma sindano ili kuvipima ilikuwa taabu, kwa sababu vilikuwa vidogo na vimekaa ndani sana. Kungoja miezi kadhaa kuona kama vitakua kungeupa ule uvimbe wa titi nafasi ya kufanya ujeuri wake. Na jopo la madaktari, ambalo ndilo lingeamua matibabu, lilikuwa linakutana Alhamisi.

"Kuna ushahidi mmoja tu ambao hakuna mtu atabishana nao," Leena aliendelea. "Picha ya zamani. Kinundu kilichokuwa hapo miaka kumi iliyopita, kikakaa vilevile bila kukua, hakiwezi kuwa mtoto wa saratani ya juzi. Mwalimu anasema alipigwa eksirei kitambo, lakini filamu ilipotea. Wewe unatafuta vilivyopotea, sivyo?"

Githae hakuuliza la pili. Mke wake alipofariki, binti yake Ngendo alikuwa darasa la nne na yeye alikuwa zamu Ruiru, akirudi nyumbani watoto wa watu wamekwisha oga. Mwalimu Waithira ndiye aliyekaa na Ngendo baada ya masomo, na kila Ijumaa akamsuka nywele, maana mikono ya baba mtu ilijua kufunga pingu tu. Alifanya hivyo miaka mitatu na hakuna aliyemwomba. Githae alikuwa amemshukuru kwa maneno mara nyingi, na kila mara aliona maneno yamepunguka. Alimwomba Leena nakala ya karatasi ya kile kifua kionekanavyo kwa mbele, vinundu vizungushiwe kalamu nyekundu, akaikunja na kuondoka.

Alianzia hospitali iliyopiga eksirei ile, ingawa jibu alilijua. Mkenya akipigwa eksirei huondoka na filamu yake kwapani ndani ya bahasha kubwa, na toka hapo ni juu yake kama ataiweka kabatini au ataifunikia sufuria. Ya Githae mwenyewe, ya mguu aliovunjika akimfukuza mwizi wa betri, ilikuwa chini ya godoro. Karani wa mafaili alimsikiliza kwa heshima, akamweleza hayohayo, akamtakia siku njema. Polisi hubisha mlango wa mbele kwanza, hata akijua hakuna mtu.

Mchana alikuwa Ngoingwa. Mwalimu Waithira alimkaribisha chai na mkate wa siagi, akamuuliza habari za Ngendo, za goti lake, na za kuku wake, hata Githae akaona kwamba anayehojiwa ni yeye. Ilibidi akohoe kidogo ndipo kazi ianze. Kwa nini alipigwa ile eksirei?

Mwalimu alisema ilikuwa kwa ajili ya popo. Shule ya Kiandutu ilipoongezwa madarasa, walipewa stoo ya zamani ya kahawa iliyokuwa imefungwa miaka na miaka, na popo walikuwa wamejaa darini. Yeye ndiye aliyepanda na ufagio, kitambaa kichwani, akashusha kinyesi kikavu gunia baada ya gunia. Vumbi lilikuwa la kumfanya mtu asione mkono wake. Wiki chache baadaye akashikwa na homa na kikohozi. Walimpima TB mara tatu na haikuwa TB, wakampiga eksirei, wakampa dawa za kikohozi, na baadaye akapona mwenyewe.

Githae aliandika neno popo akalipigia mstari, kisha akampigia Leena simu palepale. Kuna kuvu inayoishi kwenye kinyesi cha popo, Leena alisema. Mtu akivuta vumbi lake huumwa kifua, na akipona hubakiwa na makovu ya mviringo kama yale. Hadithi inakaa vizuri sana. Lakini hadithi si picha, na saratani inaweza kumpata hata mtu aliyewahi kufagia popo.

"Baba Ngendo, usijisumbue," Mwalimu alisema simu ilipokatika. "Filamu ilipotea tukihama. Bahasha ndiyo ninayo, nimekuwekea hapo juu, lakini ni tupu."

Githae aliichukua bahasha, akaipapasa, akaitikisa. Haikuwa tupu. Ndani kabisa, kwenye kona, palikuwa na ukanda mweusi wa filamu, mwembamba kama rula. Aliuinua dirishani. Herufi nyeupe zilisomeka vizuri: jina la Mwalimu na mwaka 2012. Ukingo wa juu ulikuwa umekatwa kwa mkasi, na karibu na mwisho wa kushoto mkasi uliteleza, ukaacha jino dogo lililochomoza.

Alikaa nao muda mrefu. Chai yake ilipoa, na Mwalimu, anayejua mtoto akifikiri asisumbuliwe, akaendelea kunywa yake.

"Filamu ikipotea, inapotea na jina lake," Githae alisema hatimaye. "Hii haikupotea. Mtu alikaa chini akakata jina, akalirudisha kwenye bahasha. Kwa nini ufiche jina? Kwa sababu hiyo nyingine inaenda kwa watu. Na ni nani anataka filamu ya mapafu ya mtu mwingine? Hakuna. Isipokuwa kama hataki kuitazama. Anataka kutazama kitu kingine kupitia kwayo." Akaushusha ukanda. "Mwalimu, jua lilipopatwa, ile Jumapili ya Novemba 2013, ulikuwa unafundisha darasa la ngapi?"

Mwalimu Waithira aliweka kikombe mezani.

"Ngai," alisema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Halafu akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aambiwe habari ya titi.

Lilikuwa darasa la sita. Redio ilikuwa imesema jua litapatwa jioni, na watoto wakamsumbua wiki nzima. Shida ni kwamba ilikuwa Jumapili, hakuna shule, wala hakuwa na namna ya kuwakusanya. Basi Ijumaa akaikata filamu yake vipande vinne, akampa kila kiongozi wa kikundi kipande aende nacho nyumbani, watazame kwa zamu. Jina alilikata kwanza, kwa sababu wakati huo ukikohoa pale mtaani unaitwa mgonjwa wa TB, na hakutaka watoto wabebe maneno. Jumatatu alikusudia kuvikusanya vipande, lakini watoto walirudi na hadithi nyingi hata akasahau. Siku hizi, aliongeza, anasikia filamu haitoshi kulinda macho, na humshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia.

"Viongozi walikuwa nani?"

Aliwataja bila kupapasa, na mahali kila mmoja alipokuwa akikaa: Kagwe dirishani, Maluki nyuma, Lynn mbele kwa sababu ya maneno mengi, na Nelima karibu na mlango. Nani alipewa kipande kipi, hilo hakulikumbuka.

Githae alihitaji vipande viwili vya chini. Ndivyo vilivyopaswa kuwa na vinundu sita kati ya tisa.

Kagwe hakuwa mbali. Alikuwa na boda boda yake hapohapo stendi ya Ngoingwa, na aliposikia ni habari ya Mwalimu Waithira alizima pikipiki na kumwacha abiria akishangaa. Kipande chake kilichomwa na takataka. Nyanya yake aliona mfupa wa bega la binadamu ndani, akasema kitu hicho hakilali nyumbani mwake. Alikuwa na uhakika ni bega? Uhakika kabisa, kwani nyanya alimwonyesha kwa kidole. Kagwe aliomba radhi kana kwamba amekichoma yeye, kisha akamwambia Githae apande, atampeleka popote kwa sababu ya Mwalimu.

Maluki alipatikana kwa simu akiwa Machakos. Chake kilipotea kitambo, lakini alikumbuka watoto walikuwa wakigombania kutazama mfupa wa shingo. Githae alikata simu na kutabasamu peke yake. Bega na shingo ni juu. Vilivyopotea vyote viwili vilikuwa vya juu, na vya chini vilikuwa kwa wasichana.

Jumanne alimkuta Lynn kwenye duka la kuchapisha karatasi Kahawa Wendani, amezungukwa na wanafunzi wa chuo wenye haraka. Lynn alianza kwa mzaha, akamuuliza kama amekuja kuprinti ama kushika mtu. Githae alipotaja eksirei ya Mwalimu, Lynn aliacha mashine ikitema karatasi.

"Si uko nayo bado?" Githae aliuliza.

"Niko nayo, uncle. Iko nyuma ya picha yetu ya darasa la nane. Kadibodi iliharibika, nikaiweka iishike." Akasita. "Kwani Mwalimu ni mgonjwa?"

Githae alimwambia ukweli. Lynn alifunga duka huku wateja wakilalamika, wakaenda chumbani kwake, akaifungua fremu kwa kisu cha mkate. Kipande kilitoka safi kama siku kilipokatwa, kivuli cha moyo kikiwa upande mmoja. Githae alikunjua karatasi ya Leena. Vinundu viwili vyekundu kwenye karatasi, viwili vyeupe kwenye filamu, mahali palepale. Ukanda wa jina ulikaa chini yake bila kuacha nafasi. Lynn alikuwa akilia na kucheka, na akasema anakwenda naye Kiandutu kwa Nelima.

Nelima aliishi kwenye chumba cha mabati na mtoto wake mdogo, akiuza sukuma wiki mlangoni. Hakuulizwa mara mbili. Aliwaongoza ndani na kunyoosha kidole kwenye kidirisha cha mbao. Kioo kimoja kilivunjika miaka iliyopita, na mahali pake, kimepigiliwa misumari pembeni, palikuwa na kipande cha filamu. Chumba kilikuwa na kiza cha rangi ya kahawa.

"Mvua haiingii," Nelima alisema. "Hiyo kitu imenisaidia sana. Mwalimu hajui vile imenisaidia."

Githae hakuingoja ing'olewe. Alisogea dirishani, jua la mchana likiwa nyuma ya filamu, akainua karatasi kando yake. Karatasi ilionyesha vinundu vitatu vilivyopanda kwa mshazari kuelekea ubavuni, na kimoja peke yake karibu na katikati ya kifua. Filamu nayo ilikuwa na alama, lakini zilipanda upande mwingine. Iliyo peke yake ilikuwa ubavuni. Alihesabu upya, akasogea, akarudi nyuma. Hazikulingana hata moja.

Lynn alimuuliza vipi, na Githae akamwonyesha karatasi. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Kama alama za zamani zilikuwa mahali pengine, basi hizi za leo ni mpya, na yeye ndiye angepeleka habari hiyo Ngoingwa.

Kisha mazoea ya kazi yakamshika mkono. Kabla hujaamini ushahidi, hakikisha umekaa sawa. Alimwomba Nelima ruhusa, wakang'oa misumari, na Githae akakilaza kipande kitandani na ukanda wa jina chini yake, herufi zikisomeka. Kwenye ukingo wa filamu palikuwa na pengo dogo pale mkasi ulipoteleza. Jino la ukanda lilikuwa mwisho wa kushoto. Pengo la filamu lilikuwa mwisho wa kulia.

Akakigeuza kipande, kilichokuwa nje kikawa ndani.

Jino likaingia kwenye pengo. Alama tatu zikapanda kuelekea ubavuni na moja ikakaa peke yake, kila moja mahali pake kwenye karatasi. Miaka yote hiyo mapafu ya Mwalimu yalikuwa yamepigiliwa dirishani nyuma mbele. Githae aliketi kwenye kitanda cha watu bila kukaribishwa. "Asante, Mungu," alisema kwa sauti, na Nelima akaitikia amina.

Jumatano kwenye kliniki ilibidi Daktari Leena aondoe vikombe na kopo la majani ya chai juu ya sanduku la taa la kusomea filamu, maana siku hizi kila kitu ni kompyuta na sanduku lilikuwa limegeuzwa kabati. Alipanga vipande viwili na ukanda, akawasha, akapima kila alama kwa rula, akapima zile za skani, akaandika. Mwalimu Waithira alikaa kwenye benchi nje, Lynn upande mmoja na Nelima upande mwingine, na Githae alisimama mlangoni kwa sababu hakuweza kukaa.

Leena alipotoka hakumdanganya mtu. Vinundu sita vilikuwa vilevile, ukubwa uleule, mahali palepale. Vile viwili vya juu vilipotea na filamu yake, lakini vilikuwa na chokaa kama wenzake. Cha tisa kilikuwa kidogo mno kuonekana kwenye eksirei yoyote, nacho angekifuatilia kwa skani nyingine baada ya matibabu.

"Haya ni makovu ya popo," alisema. "Nitaandika hivyo, na kesho nitasimama nayo mbele ya jopo. Wacha waniulize." Akamgeukia Mwalimu. "Umeitunza vizuri sana hii filamu."

"Si mimi," Mwalimu alisema, akiwashika mikono wasichana wake. "Mimi niliigawa."

Alhamisi Githae alidhani Mwalimu atabaki nyumbani kungoja simu. Alimkuta getini amevaa viatu vya kutembelea, na kwenye kiganja ameandika vipimo vya kidirisha alivyomuuliza Nelima. Walipitia duka la vyuma la Pritam, mjomba wake Leena, ambaye alikata kioo mwenyewe na kukifunga kwa magazeti. Kagwe aliwabeba, Mwalimu katikati akikumbatia kioo, Githae nyuma akiomba barabara isiwe na matuta.

Simu iliita wakiwa Kiandutu, mikono ya Mwalimu ikiwa imejaa gundi ya kioo. Alimwashiria Githae aipokee. Githae alisikiliza, akasema ndiyo daktari, akasema asante mara tatu.

"Wamekubali," alisema. "Jopo limekubali. Watakupasua Jumanne."

Hakuna aliyewahi kuona watu wakimshangilia mtu kwa sababu atakatwa kisu, lakini siku hiyo chumba kizima cha mabati kilipiga makofi, na jirani mmoja akachungulia kuuliza ni harusi ya nani. Mwalimu Waithira aliinamisha kichwa kidogo, akashukuru kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Kisha akabonyeza kioo kwenye fremu, akakishikilia mpaka kikashika, na kumwambia Nelima alete kitambaa safi wakifute.

Nelima alikifuta. Mwanga ukaingia mpaka kitandani, na mtoto aliyekuwa amelala akafumbua macho.